Washawishi Nao Watie Sahihi Kitabu cha Wageni

Juma lililopita nilipanda Olmotonyi. Kwa wasiopafahamu, ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, pale Ngaramtoni unaiacha barabara kuu na kuelekea mlimani Meru, na punde hewa inabadilika. Vumbi linabaki nyuma, inakuja harufu ya mipaina. Huko ndiko kilipo Chuo cha Misitu ambacho wataalamu wengi wa misitu wa nchi hii wamepitia, na huko ndiko wananchi wanakoishi bega kwa bega na msitu wa Serikali.

Nilipofika katika ofisi ya kijiji, kabla hata sijakaa vizuri, karani alinisogezea kitabu cha wageni. Mnakifahamu kitabu hicho, hakuna ofisi ya umma isiyokuwa nacho. Kina mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, jina, unakotoka, madhumuni ya kuja, sahihi. Nikaandika, nikatia sahihi. Aliyenitangulia alikuja kuuza mbegu. Aliyemtangulia huyo alikuja kupima shamba. Yeyote atakayeingia ofisini humo baada yangu ataweza kusoma kwamba mimi nilikuja, na nilikuja kufanya nini.

Nje nilimkuta mzee mmoja akingoja zamu yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukazungumza. Mzee huyo hupanda mahindi na viazi katikati ya miche ya miti, katika kipande alichogawiwa ndani ya shamba la miti la Serikali, kwa masharti kwamba aitunze miche hiyo mpaka itakapokuwa mikubwa. Siku zote anaishi kwa kutegemea kibali. Akaniuliza swali ambalo nimeteremka nalo mpaka mjini: "Mwanangu, sisi tunasikia tu kwamba sheria imebadilika, kanuni imebadilika, ada imepanda. Huyo aliyewaambia wakubwa wabadilishe ni nani? Naye alipita mlango gani?"

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu ya leo ni jibu kwa mzee huyo.

Katika kila nchi yenye serikali na bunge kuna watu ambao kazi yao, au sehemu ya kazi yao, ni kuwaendea watunga sheria na watoa maamuzi na kuwashawishi: sheria hii ipitishwe, ile ifutwe, kodi hii ipunguzwe, kifungu kile kiandikwe hivi na si vile. Hao ndio tunaowaita washawishi. Wenzetu wa Uingereza na Marekani huiita kazi hiyo lobi, na asili ya neno lenyewe ni ule ukumbi wa nje ya chumba cha mikutano ya bunge, mahali ambapo raia wa kawaida waliweza kumngoja mbunge wao na kumshika mkono akipita. Kwetu pwani tungesema barazani. Maneno mengi ya ndani ya nyumba huanzia barazani.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ushawishi wenyewe si kosa. Mbunge hawezi kujua kila kitu. Hajui bei ya dawa ya kuua wadudu kwenye mashamba ya maua, wala hajui kwa nini mama wa Mbulu hawezi kurithi shamba aliloliлima miaka thelathini. Ni lazima aambiwe na wanaojua. Katiba yetu, katika Ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye, maisha yake au Taifa lake. Mwananchi anayemwandikia mbunge barua kuhusu muswada ni mshawishi. Chama cha wakulima kinachopeleka wajumbe wizarani nacho ni mshawishi.

Jambo la pili ni kutenganisha ushawishi na rushwa. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia, na wengine wakaongeza kwamba mkono mtupu haulambwi. Huo si ushawishi, huo ni ununuzi. Mshawishi wa kweli huja na hoja, na hoja inaweza kujibiwa kwa hoja nyingine. Bahasha haijibiwi ila kwa bahasha nene zaidi. Kwa upande wa bahasha tunazo sheria: ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, na ipo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo ndiyo panga la TAKUKURU. Lakini kati ya hoja safi na bahasha pana uwanja mpana: safari za mafunzo, semina katika hoteli nzuri, chakula cha jioni, mjumbe anayeahidiwa kazi baada ya kustaafu. Katika uwanja huo ndimo macho yetu yanamopaswa kuwa.

Sasa turudi kwenye swali la mzee: anapita mlango gani?

Sheria yetu haianzii bungeni. Huanzia wizarani, katika meza ya mtaalamu anayeandika mapendekezo. Hapo huandaliwa waraka unaokwenda kwa Baraza la Mawaziri. Likikubali, waandishi wa sheria wa Serikali huandika muswada, nao huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Ndipo unapoingia Bungeni, Dodoma, na kusomwa mara ya kwanza. Baada ya hapo hupelekwa kwenye kamati, na kamati inaweza kuwaita wadau na wananchi kutoa maoni. Kisha unarudi ukumbini kusomwa mara ya pili, unapitiwa kifungu kwa kifungu, unasomwa mara ya tatu, na hatimaye huenda kwa Rais kutiwa sahihi.

Mwananchi wa kawaida husikia habari za muswada ukiwa umeshafika kamatini, na mara nyingi tangazo la kuitwa wadau hutoka zikiwa zimebaki siku chache. Mshawishi mzoefu hangoji kamati. Yeye anaifahamu vizuri methali ya samaki mkunje angali mbichi. Huenda wizarani wakati mapendekezo yangali kwenye karatasi ya kwanza, wakati neno moja linaweza kubadilishwa kwa kalamu ya risasi bila mtu yeyote kutoa hotuba. Muswada unapofika Dodoma huwa umekwisha kukauka.

Na hata hapo hajamaliza. Sheria zetu nyingi humpa waziri mamlaka ya kutunga kanuni: ada kiasi gani, kibali kwa masharti gani, faini kiasi gani. Kanuni hizo huchapishwa katika Gazeti la Serikali, wala hazijadiliwi ukumbini kifungu kwa kifungu kama sheria mama. Chukueni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Sheria inasema kwamba katika msitu wa hifadhi hukati mti, hulishi mifugo wala hukati majani bila kibali. Lakini kibali ni shilingi ngapi, na kinatolewa vipi? Hayo yamo kwenye kanuni. Kwa mzee wa Olmotonyi, sheria ni ng'ombe, kanuni ndiyo kisu. Mshawishi mwerevu hamfuati ng'ombe machungani. Humfuata mwenye kisu.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba sanaa hii ni ngeni mlimani hapa. Yapo mambo ambayo vijana wetu hawasimuliwi vya kutosha. Upande wa pili wa mlima huu, kaskazini mashariki, iko Ngare Nanyuki. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza suala la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Mpango uliotokana na taarifa yake ulitaka eneo la kati ya Meru na Kilimanjaro liwe la walowezi peke yao. Mnamo Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi hiyo iwe ya ufugaji wa walowezi.

Jiulizeni: nani alikuwa amenong'ona sikioni mwa Gavana? Walowezi hawakuhitaji kusafiri mbali. Walikuwa na vyama vyao, walikuwa na wajumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, walikunywa chai na wakubwa wa serikali. Kwao mlango ulikuwa wazi siku zote, wala hakuna aliyewaita washawishi. Waliitwa waheshimiwa.

Wameru hawakuwa na mlango Dar es Salaam. Basi wakatafuta mlango mwingine. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na sheria ya udhamini iliruhusu wenyeji kupeleka malalamiko yao kwa Baraza la Udhamini. Wakachangishana fedha, wakamchagua Kirilo Japhet awasemee, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 wawili hao walisimama New York kueleza habari za Ngare Nanyuki. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla Mwalimu Nyerere hajasimama mbele ya Baraza hilohilo, Machi 1955.

Je, walishinda? Kwa hesabu ya kura, hapana. Azimio lililowaunga mkono lilipita katika kamati, lakini Desemba 1952 halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika katika Baraza Kuu. Hata hivyo dunia ilisikia, na Watanganyika wa mikoa mingine walisikia pia. Wengi waliokuja kujiunga na TANU baada ya mwaka 1954 walikuwa wamejifunza kutokana na kesi ile kwamba serikali ya Mwingereza inaweza kushitakiwa mbele ya walimwengu.

Nimekumbusha habari hizo kwa sababu zinaonyesha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mnyonge naye anaweza kushawishi akijipanga. La pili ni gharama. Mlowezi alitembea hatua chache kufika barazani kwa Gavana. Mmeru alivuka bahari. Haki ya kusema waliipata wote, ila nauli haikuwa sawa.

Je, baada ya Uhuru nauli ilikuwa sawa? Tutazame sheria iliyogusa kila nyumba nchini, yaani sheria ya ardhi.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchini, ikawasikiliza wananchi, ikatoa taarifa mwaka 1992. Mwaka 1995 ikatoka Sera ya Taifa ya Ardhi, kisha ikaanza kuandikwa miswada. Hapo ndipo vyama vya hiari vilipojifunga kibwebwe. Wanasheria wanawake wa TAWLA, wanahabari wanawake wa TAMWA, Mtandao wa Jinsia wa TGNP na wenzao waliunda kikosi cha pamoja mwaka 1997 kutetea haki ya mwanamke katika ardhi. Wengine, wakiwemo wanaharakati wa haki za ardhi za wanakijiji, waliunda jukwaa lao na kutoa tamko waliloliita Azimio la Uhai.

Walisoma rasimu, wakaandika mapendekezo, wakakutana na wabunge, wakazungumza redioni na magazetini. Bunge lilipopitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji mwaka 1999, matunda yalionekana. Sheria ilitamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Baraza la ardhi la kijiji la wajumbe saba likatakiwa kuwa na wanawake wasiopungua watatu. Nyumba ya familia ikawa haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume. Mama yeyote ambaye hajauziwa nyumba juu ya kichwa chake kwa sababu ya mkopo asioujua, na akumbuke kwamba kifungu kile hakikuota chenyewe kama uyoga.

Lakini lile lililotakiwa na Tume ya Shivji na Azimio la Uhai kwa pamoja, yaani kuiondoa ardhi chini ya mamlaka ya mwisho ya Serikali, halikukubaliwa. Ardhi yote ilibaki ya umma, Rais akiwa mdhamini. Ushawishi wa wananchi ulifanikiwa kwenye vifungu, haukufanikiwa kwenye mzizi.

Wala habari haikuishia hapo. Sheria zile zilianza kutumika Mei 2001, na muda si mrefu wakaja washawishi wengine waliovaa suti. Hao walikuwa ni mabenki. Walisema kwamba masharti ya rehani katika sheria mpya yanawafanya waogope kukopesha, kwa kuwa mkopaji akishindwa kulipa ni vigumu kuuza dhamana. Serikali iliwasikiliza. Mwaka 2004 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ardhi, na sehemu nzima ya rehani ikaandikwa upya. Vyama vya wanawake vikasimama tena kulinda walichokipata, na sharti la ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia likabaki.

Tazameni tofauti ya mwendo. Ilichukua miaka minane tangu kuundwa kwa Tume ya Shivji hadi sheria kupitishwa. Mabenki yalipata marekebisho yao miaka mitatu tu baada ya sheria kuanza kutumika. Sisemi kwamba hoja ya mabenki ilikuwa ya uongo, maana nchi isiyokopesha haijengi. Nasema kwamba mwenye fedha, wanasheria na ofisi mjini hasubiri sana barazani.

Hata hivyo, isije ikadhaniwa kwamba mwenye mali hushinda kila mara. Hapa Arusha wapo mawakala wa utalii na chama chao cha TATO, chama chenye sauti kubwa na wanachama wenye uwezo. Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwenye huduma za utalii, walipinga kwa nguvu zote. Walisema wageni wamekwisha kununua safari zao kwa bei ya zamani na kwamba watahamia kwa majirani. Kodi ilianza Julai 1, 2016 vilevile. Serikali iliyoamua huweza kuziba masikio kwa tajiri kama inavyoweza kuyaziba kwa maskini. Mwanzoni mwa Julai 2017 sheria mpya za madini na rasilimali zilipita Bungeni kwa hati ya dharura ndani ya siku chache, na muda wa kusemasema, kwa tajiri na kwa maskini, ulikuwa mfupi mno.

Mfano wangu wa mwisho unaanzia mjini Arusha na kuishia Washington, nao unamgusa kila anayenunua shati gulioni Ngaramtoni au Memorial kule Moshi.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha. Walikubaliana kukuza viwanda vya nguo na ngozi vya kwetu, na kupunguza uagizaji wa mitumba hatua kwa hatua mpaka ukome. Ushuru wa mitumba ukapandishwa. Ilionekana ni shauri letu wenyewe, la ndani ya nyumba yetu.

Kumbe kuna watu ng'ambo walioona kwamba ni shauri lao pia. Marekani kuna chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika kiitwacho kwa kifupi SMART. Machi 2017 chama hicho kilipeleka malalamiko kwa ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani. Kilidai kwamba uamuzi wa Arusha unahatarisha ajira 40,000 za Wamarekani. Kikakumbusha kwamba nchi zetu zinaingiza bidhaa Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000, na kwamba sheria hiyo ina masharti, likiwemo la kuondoa vikwazo kwa biashara ya Marekani. Julai mwaka huohuo malalamiko yakasikilizwa hadharani mjini Washington.

Kenya ilikuwa imejitoa mapema, kwa kuwa viwanda vyake vya nguo vinauza sana Marekani. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza msimamo mwanzoni mwa mwaka 2018. Rwanda ilikataa, ikasimama na ushuru wake, na mwishoni mwa Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru.

Chama kimoja cha wafanyabiashara, ambacho wengi wetu hatujapata kulisikia jina lake, kilipeleka karatasi katika ofisi moja, na uamuzi wa marais uliotolewa Arusha ukapinda. Muuza mitumba wa Ngaramtoni huenda alifurahi, na fundi wa kiwanda cha nguo huenda alihuzunika. Wote wawili hawakuulizwa.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, nataka tuone jambo jingine katika kisa hicho. Tunaweza kukisimulia kwa sababu kiliandikwa. Malalamiko ya SMART yalichapishwa. Majibu yaliyoyapinga nayo yalichapishwa. Mtu wa Kampala au Arusha aliweza kusoma nani amesema nini, na kwa madai gani. Marekani si nchi ya malaika, na fedha za washawishi huko zimeharibu mengi. Lakini tangu mwaka 1995 wana sheria inayomtaka mshawishi wa kulipwa ajiandikishe, amtaje aliyemtuma, aseme anashughulikia jambo gani, na atoe taarifa ya fedha. Wakala anayefanya kazi ya siasa kwa niaba ya serikali ya kigeni anabanwa na sheria nyingine, ya tangu mwaka 1938. Umoja wa Ulaya una daftari la namna hiyo, na Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 2014. Jirani zetu wa Kenya, kwa njia yao, waliandika katika Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 118, kwamba Bunge sharti lifanye kazi hadharani na kuwashirikisha wananchi. Raia wa Kenya wamekwisha kwenda mahakamani mara nyingi kudai hivyo.

Na sisi? Sisi tuna sheria za rushwa na za maadili, tuna kamati zinazoita wadau, na tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Habari. Tulichokosa ni daftari. Hakuna mahali ambapo mwananchi anaweza kufungua na kusoma kwamba kampuni fulani ilikutana na afisa fulani, tarehe fulani, kuhusu kifungu fulani cha muswada fulani. Mgeni wa wizarani huandika jina lake getini, ni kweli, lakini kitabu cha getini ni cha mlinzi, si cha mwananchi.

Wapo watakaosema kwamba daftari litawatisha wenye hoja njema, au litakuwa fimbo ya kuwachapia vyama vya hiari. Hofu hiyo ina msingi, na sisi tumeona jinsi sheria ya kusajili inavyoweza kugeuka kuwa sheria ya kunyamazisha. Kwa hiyo daftari ninalolisema si la kuomba ruhusa. Karani wa Olmotonyi hakuniuliza kama ninastahili kuingia. Aliniuliza mimi ni nani na nimekuja kufanya nini, basi. Na masharti yawabane zaidi wanaolipwa kushawishi kuliko mama anayekwenda kumwona mbunge wake kuhusu kisima.

Wapo pia watakaosema kwamba hata kukiwa na daftari, tajiri atabaki tajiri. Kweli. Daftari halilipi nauli ya mtu wa Olmotonyi kwenda Dodoma. Lakini litamwonyesha nani ametangulia, na aliyejua nani ametangulia hujua pa kuanzia. Kinachobaki ni kufanya walivyofanya Wameru wa mwaka 1952 na wanawake wa mwaka 1997, yaani kujikusanya, kuchangishana, kumtuma anayejua kusema, na kumtuma mapema. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuandika muhtasari na kuupeleka kwa mbunge na kwa mwenyekiti wa kamati. Wenye vishamba ndani ya shamba la miti wanaweza kuwa na umoja wao na kuomba kuonana na Wakala wa Huduma za Misitu kabla kanuni mpya haijaandikwa. Barua ya wanakijiji mia tatu yenye sahihi zao ni ushawishi, na haina harufu ya bahasha.

Kabla sijateremka, nilimwambia mzee hayo kwa kifupi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama mlango wa ofisi ya kijiji, akasema: "Kwa hiyo mtu akija hapa kuuza mbegu za kabichi tunamwandika. Akienda kule kubadilisha sheria ya nchi, hawamwandiki?"

Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyo mpaka sasa. Mzee akacheka, akainuka. Zamu yake ilikuwa imefika, na karani alikuwa amekwisha kumfungulia kitabu.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.